Jivu Litalala kwa Nani?

Mwaka jana nililipwa shilingi 6,000 kuandika sentensi moja. Sawa, kibarua chenyewe kilikuwa kurasa nane, lakini zile zingine nimeshazisahau. Iliyobaki kichwani ni hii: "Mabaki ya mwisho yatahifadhiwa katika eneo kame lenye matumizi madogo ya ardhi, kusini mashariki mwa Nairobi."

Nilijivunia hiyo sentensi. Niliyopewa ilikuwa ndefu, imejaa maneno ya wahandisi, nami nikaipunguza mpaka ikateleza. Mwenye kibarua, mshauri fulani wa miradi ambaye jina lake litabaki kwangu, akanitumia ujumbe: "Safi sana bro." Pesa zikaingia kwa M-Pesa, nikalipa deni la keja, nikalala.

Siku tatu baadaye nilifungua tena ile faili nikitafuta kitu kingine, nikaiona ramani ya ukurasa wa sita. Ilikuwa na duara jekundu. Duara lilianza karibu na Barabara ya Mombasa, likapita Makueni, likavuka Mto Athi na kugusa Kitui. Ndani ya hilo duara, upande wa Makueni, kilomita chache kutoka mtoni, kuna boma lenye mwembe mmoja na tangi moja la maji. Hapo anaishi susu, mama aliyemzaa mama yangu. "Matumizi madogo ya ardhi" ni yeye.

Mradi ulikuwa wa kuchoma taka za jiji na kuzalisha umeme. Mpaka leo ni karatasi tu, na siandiki hapa kumshtaki mtu. Kila neno katika ile sentensi lilikuwa kweli: eneo ni kame, na matumizi ya ardhi ukipima kwa pesa ni madogo. Swali langu ni kama mtu anaweza kusema kweli tupu na bado akawa amemkosea jirani yake. Swali la pili ni gumu zaidi: tukishajua jinsi ya kulitibu jivu, tumepata haki ya kulipeleka tunakotaka?

Tuanze na jivu lenyewe. Nilisoma kemia mwaka mmoja na nusu kabla karo haijanishinda, kwa hivyo najua kiasi cha kunitia wasiwasi lakini si kiasi cha kunipa kazi. Ukichoma tani moja ya taka za mjini katika tanuri la kisasa, kunabaki aina mbili za jivu. La kwanza ni lile linaloanguka chini, kama kilo 200 au 250: glasi, kokoto, misumari, vipande vya chuma. Nchi kadhaa za Ulaya hutoa chuma humo, na kinachobaki hukitandika chini ya barabara. La pili ni jivu la moshi. Huu ni unga mwepesi unaopanda na hewa moto kuelekea kwenye bomba na kunaswa na vichujio kabla haujatoka nje. Kwa kila tani ya taka, huo ni kama kilo 20 hadi 30 tu.

Kilo 20 hadi 30 zinasikika kama kitu kidogo. Lakini humo ndimo sumu inamokusanyika. Madini ya risasi, kadimiamu na zinki yaliyokuwa kwenye betri, rangi na plastiki hugeuka mvuke ndani ya moto, kisha moshi ukipoa yanagandamana na vumbi. Chumvi ya plastiki na ya mabaki ya chakula inafuata. Halafu kuna dayoksini, sumu ambayo hukuiweka motoni kabisa; inajitengeneza yenyewe moshi unapopoa. Wahandisi hupuliza chokaa na unga wa kaboni ndani ya moshi ili kuzishika hizi zote, na vyote viwili vinaishia kwenye lile jivu.

Kwa hivyo chujio likiwa zuri zaidi, jivu linakuwa baya zaidi. Hewa ya mtaa inasafishwa kwa kuhamisha uchafu kutoka kwenye moshi kwenda kwenye gunia. Wahenga walisema moto huzaa jivu, wakimaanisha kwamba mzazi hodari anaweza kupata mtoto asiyefaa kitu. Kwa tanuri la taka, huyu mtoto ndiye anayebeba deni lote la baba.

Piga hesabu. Nairobi inazalisha zaidi ya tani 2,000 za taka kwa siku. Tuseme nusu yake, tani 1,000, zinachomwa. Kwa kilo 25 kwa tani, unapata tani 25 za jivu la moshi kila siku, zaidi ya tani 9,000 kwa mwaka. Lori la tani kumi lingefanya safari mbili na nusu kila siku, Krismasi na Idi zikiwemo.

Dunia imejifunza kulitibu. Njia ya kwanza ni kuliosha kwa maji ili chumvi itoke, maana chumvi ndiyo inayoharibu hatua zinazofuata. Njia nyingine ni kulichanganya na simiti au kemikali zinazozishika metali ili mvua isizichukue. Wajapani wamewahi kuliyeyusha kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,300 mpaka likawa kama kioo cheusi. Waswisi huliosha kwa asidi, wakatoa zinki na kuiuza. Na huko Norway kuna kisiwa kinaitwa Langøya, ambako watu walichimba mawe ya chokaa mpaka yakabaki mashimo makubwa. Kwa miaka mingi mashimo hayo yalijazwa jivu la moshi kutoka nchi za Skandinavia, likiwa limechanganywa na asidi chakavu ya viwandani mpaka likageuka kitu kama jasi.

Niliposoma habari za Langøya niliacha chai ikapoa. Mawe ya chokaa? Kitui Kusini imejaa mawe ya chokaa. Miaka nenda miaka rudi watu wa huko wanaambiwa kiwanda cha simiti kinakuja. Hakuna aliyesema mashimo ya Kitui yajazwe jivu, na sitaki kumpa mtu wazo. Nasema tu kwamba niliona jinsi mtu mwenye ramani na haraka anavyoweza kufikiri: chokaa ipo, ukame upo, watu ni wachache, na barabara ya lami inafika karibu.

Sasa, kuna rafiki yangu ambaye hanikubali hata kidogo. Yeye alimaliza uhandisi, anaishi Embakasi, na nilipomweleza haya aliweka simu chini akaniangalia.

"Wewe unaongea kama vile sasa hivi hakuna jivu," akasema. "Dandora inaungua kila siku. Hiyo haina chujio. Hilo jivu linaenda wapi?"

Alikuwa na haki. Dandora ilianza kupokea taka 1975 na ikatangazwa kuwa imejaa 2001, lakini malori hayajaacha kuingia. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilichapisha uchunguzi wa watoto 328 wa eneo lile, na nusu yao walikuwa na risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubaliwa kimataifa. Jaa lenyewe liko ukingoni mwa Mto Nairobi. Mto Nairobi unaingia Athi. Athi inateremka mpaka kwetu, ikiwa mpaka kati ya Makueni na Kitui. Na pale Mto Thwake unapokutana na Athi ndipo bwawa kubwa la Thwake lilipoanza kujengwa 2018, la kubeba zaidi ya mita za ujazo milioni 680, maji ya kunywa na kunyunyizia mashamba kwa watu wa Makueni, Kitui na jiji jipya la Konza.

Kwa maneno mengine, taka za Nairobi zinatufikia tayari. Zinakuja bila lori, bila mkutano wa hadhara, bila mtu kuandikiwa sentensi laini. Yule susu ninayemlilia ameishi chini ya mkondo wa jiji tangu kabla sijazaliwa, na sikuwahi kuandika insha.

Rafiki akaendelea. Akanikumbusha Koshe, lile jaa la Addis Ababa. Machi 2017 mlima wa taka uliporomoka usiku na kuua zaidi ya watu 110, wengi wao wakiwa ndani ya nyumba zao. Mwaka uliofuata, Agosti 2018, mtambo wa Reppie ulizinduliwa hapo hapo, uliobuniwa kuchoma hadi tani 1,400 kwa siku, wa kwanza wa aina yake Afrika. "Hao waliokufa," akasema, "wangekataa mtambo kwa sababu ya jivu?"

Sikuwa na jibu la haraka, na bado sidhani kuna jibu la haraka. Mtu anayepinga tanuri lazima aseme anataka nini badala yake, na "isiwe hapa" si mpango. Ningeweza kumwambia kwamba zaidi ya nusu ya taka zetu ni maganda, mboga na mabaki ya ugali, vitu vyenye maji ambavyo haviungui vizuri, na kwamba mboji ingefanya kazi hiyo bila bomba. Ningeweza kumtajia sheria ya 2022 ya usimamizi endelevu wa taka, inayotaka taka zitenganishwe tangu nyumbani. Nilimwambia yote hayo. Akaniuliza kama mimi hutenganisha. Kwenye keja yangu kuna ndoo moja. Betri za rimoti, ngozi za ndizi na pakiti za maziwa zinalala pamoja.

Basi nakubali nusu ya kwanza ya hoja yake. Jivu lililonaswa, likaoshwa, likafungwa, ni bora kuliko jivu lililoachwa lielee mtoni. Kutibu ni wajibu. Mtu anayechafua halafu anajua dawa na haitumii anafanya kosa mara mbili. Ninachokataa ni ile hatua inayofuata, ile inayopita haraka kama makanga anayerudisha chenji pungufu: kwamba kwa kuwa limetibiwa, sasa linaweza kwenda popote, na popote ni Ukambani.

Angalia kwanza kutibu kunahitaji nini. Kuosha tani moja ya jivu kunaweza kula tani kadhaa za maji, na maji hayo hutoka yakiwa ya chumvi na metali, nayo yatibiwe pia. Kwa susu, msimu mbaya, watu hufuata punda mpaka silanga ikauke, halafu wanachimba mchanga wa mto kwa mikono. Kuyeyusha jivu mpaka liwe kioo kunakula sehemu ya umeme ule ule ulioahidiwa. Simiti inafanya kazi vizuri mwanzoni, lakini tofali la jivu linahitaji kulindwa lisilowe na lisipasuke, si kwa mwaka mmoja, bali kwa muda mrefu kuliko maisha ya kampuni iliyolitengeneza. Risasi haiozi. Kadimiamu haichoki.

Ndipo naona kwamba kutibu jivu ni ahadi zaidi ya kuwa teknolojia. Unamwahidi mtu ambaye hajazaliwa kwamba kutakuwa na mlinzi, na bajeti ya mlinzi, na mtu wa kupima maji ya kisima, na ofisi itakayopokea simu. Ahadi ya namna hii haipimwi kwa ubora wa mtambo siku ya uzinduzi. Inapimwa kwa tabia ya anayeahidi. Na sisi, ambao pipa la mtaa likijaa linakaa wiki tatu, tunaahidi miaka 100?

Tunajua pia kinachotokea ahadi ikivunjika. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia watu sumu ya risasi. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaifuta fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Haki ilishinda, na nilifurahi. Lakini mtoto aliyekuwa na miaka mitano kiwanda kilipokuwa kikitoa moshi alikuwa kijana mkubwa hukumu ya mwisho iliposomwa, na hakuna hukumu inayotoa risasi kwenye mfupa.

La pili ni jina. Mwaka 1986 meli iliyoitwa Khian Sea iliondoka Philadelphia, Marekani, na tani kama 14,000 za jivu la matanuri ya taka. Ilizunguka ikikataliwa bandari baada ya bandari. Mapema 1988 ikashusha tani kama 4,000 kwenye ufuo wa Gonaïves, Haiti, zikiwa zimeandikwa kwamba ni mbolea. Lililobaki liliishia baharini. Lile la Haiti halikuondolewa mpaka 2000, na 2002 likazikwa Pennsylvania, jimbo lile lile lilikotoka. Wazungu kwa wazungu pia hufanyiana: huko Newcastle, Uingereza, kati ya 1994 na 1999, jivu la mtambo wa Byker, la chini likiwa limechanganywa na la moshi, lilitandikwa kwenye vijia vya bustani za mboga za watu. Baadaye dayoksini ilipatikana, na watu wakaambiwa wasile mayai ya kuku wa pale.

Mbolea. Kifusi cha kutengenezea njia. Mabaki ya mwisho. Kila mara kulikuwa na mtu aliyetafuta neno. Nadhani alikuwa mtu kama mimi, mwenye deni la nyumba, ambaye hakumchukia yeyote. Nilipoandika "eneo lenye matumizi madogo ya ardhi" sikudanganya. Nilimtoa tu mwenye ardhi kwenye sentensi, na hakuna mtu anayeombwa ruhusa kama hayumo kwenye sentensi. Katiba yetu, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Lakini ili utumie haki lazima kwanza mtu akuone upo.

Desemba nilienda nyumbani. Matatu mpaka Wote, halafu nduthi. Susu alikuwa kwenye kivuli cha mwembe akichambua ndengu, na baada ya salamu na muthokoi nikamweleza yote, pamoja na zile 6,000. Alisikiliza huku mikono ikiendelea.

"Kwa hiyo ni jivu," akasema.

"Ni jivu, susu, lakini si kama la jikoni."

Yeye hupaka kunde jivu kabla ya kuzitia kwenye gunia, fukusi wasizitoboe. Hulitumia kusugua sufuria na humwaga chooni. Maisha yake yote jivu limekuwa kitu cha msaada, kwa sababu anajua kila kuni iliyoingia motoni. Akaniuliza hilo la Nairobi lilikuwa kuni gani. Nikamwambia betri, nepi, viatu, mifuko, dawa zilizopitwa na wakati, kila kitu.

"Na hao walioyachoma, wao watalipaka wapi?"

Nilitaka kucheka lakini yeye hakuwa anacheka. Njiani nilikuwa nimejiandalia kanuni rahisi: usimpelekee mtu kitu ambacho usingekiweka kwako. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Swali lake lilinionyesha kwamba hiyo haitoshi. Hakuna anayetaka choo cha jirani mlangoni, na bado jiji lazima liwe na mahali pa maji machafu. Mzigo lazima ulale mahali. Lakini aliyeota moto ndiye wa kwanza kuulizwa jivu atalipaka wapi. Akishindwa kulihifadhi kwake, basi aende kwa jirani kama mwombaji: aliite jivu kwa jina lake, aseme lina nini, aonyeshe nani atalilinda na kwa pesa gani, agawane umeme wake na anayelala nalo, na awe tayari kuambiwa hapana. Kama hapana haiwezekani, basi ile mikutano ya wananchi ni maigizo tu, na soda zake.

Na nadhani jivu likilala karibu na waliolizalisha, watazalisha kidogo. Ningekuwa na gunia langu la jivu la moshi chini ya kitanda, ningekuwa na ndoo mbili kufikia Jumamosi.

Nilimwandikia yule mshauri baada ya kurudi. Nilimtumia sentensi mpya bila malipo: "Jivu la moshi, lenye risasi, kadimiamu na dayoksini, litazikwa karibu na makazi ya watu wa Makueni na Kitui, ambao bado hawajaulizwa." Hakujibu. Zile 6,000 nilikuwa nimeshazila, kwa hivyo sina la kurudisha, na sitajifanya kwamba barua pepe moja imenisafisha.

Asubuhi ya kuondoka, susu aliniita nimshikie gunia. Alimwaga kunde, akamwaga jivu juu, akachanganya kwa mkono mpaka kiwiko kikawa kijivu. Akafunga kamba, akanipa kilo mbili nibebe.

"Uzioshe vizuri kabla ya kupika," akasema. "Na uwaambie wenzako pia."